Maneno Aliyobakishiwa Evarist

Watu wa Endagikot wakitaka kumsifu Evarist husema ulimi wake unaweza kumtoa nyoka pangoni. Mkewe, Yusta, haoni kama hiyo ni sifa. Nyoka akishatoka pangoni huingia uani kwako.

Evarist ni msemaji wa posa na harusi. Ukoo ukienda kuomba mchumba, iwe Mbulu mjini au vijiji vya Hanang, humtanguliza yeye na fimbo yake na koti lake la sufu. Shambani ni mtu wa kuegemea jembe. Vitunguu saumu hupaliliwa na Yusta, ng'ombe hukamuliwa na Yusta, na jioni Evarist humsimulia Yusta jinsi kazi ilivyokuwa ngumu siku hiyo.

Hayo Yusta aliyavumilia. Kuna wanawake wenye waume walevi, kuna wenye waume wa kupiga. Yeye alipewa redio. Lililomshinda ni la ng'ombe.

Alipoolewa, baba yake alimpa mtamba mwekundu mwenye baka jeupe begani, masikio yamekatwa alama ya kwao. Malisho ya Endagikot ni finyu, kwa hiyo mtamba alipelekwa Getanuwas kwa rafiki wa Evarist aitwaye Margwe, amtunze na kunywa maziwa yake, kama watu wa huku wanavyowekeana mifugo. Ukaja mwaka wa ukame. Evarist akarudi kutoka Getanuwas na habari kwamba ng'ombe amekufa. Alilia kabisa. Alisimulia jinsi mnyama alivyolala chini ameelekeza kichwa njia ya kwao, jinsi alivyokataa maji, jinsi alivyotoa sauti kama anaita jina la mtu. Majirani walikuja kumpa Yusta pole, na Efrazia wa nyumba ya pili alilia kuliko mwenye ng'ombe.

Mwaka juzi Yusta alipeleka kondoo mnadani Katesh, akamkuta ng'ombe wake amesimama hapo, mzee, baka lile lile begani, ndama ubavuni. Aliyemshika kamba alikuwa Margwe, ambaye alimsalimu kwa furaha na kumshukuru upya. Ndipo Yusta akaelewa anashukuriwa nini. Mwaka ule wa ukame, kwenye harusi ya mtoto wa kiume wa Margwe, Evarist alisimama kutoa neno, watu wakashangilia, naye akanogewa. Kila walivyozidi kupiga vigelegele alizidi kupanda, mpaka akamtoa yule ng'ombe zawadi kwa bibi harusi, akisema mkewe ndiye aliyemtuma.

"Mpaka leo tunakuombea, mama," Margwe alisema.

Yusta aliitikia asante. Hakuona sababu ya kumwaibisha mzee wa watu kwa mdomo wa mtu mwingine.

Njia nzima ya kurudi hakumfikiria ng'ombe. Alifikiria yale machozi. Mtu anayedanganya kwa aibu, akiangalia chini, unaweza kumwelewa. Huyu alikuwa amedanganya na kufurahia, akaongeza na ile sauti ya kuita jina. Na yeye Yusta alimpikia uji ili apate nguvu, maana alisema msiba umemlegeza magoti.

Alimkuta ameketi mlangoni, anaota jua. Akamwambia amemwona ng'ombe. Evarist akavuta pumzi, akafungua mdomo, na Yusta akaona maneno yanavyojipanga mle ndani kama maharusi wanaosubiri kuingia kanisani.

"Usianze," akamwambia. "Kuanzia leo, humu ndani kuna maneno nitakayokubali kuyasikia. Ukisema lingine, sijasikia."

Akamtajia. Hayakufika ishirini. Ng'ombe, maji, kuni, shamba, mvua, chakula, mgeni, kesho, ndiyo, hapana, na mengine ya namna hiyo. Aliyachagua ya Kiswahili makusudi, kwa sababu Kiiraqw, lugha ya kwao, ndicho alichotongozwa nacho. "Mgonjwa" lilitumika kwa mtu, kwa mnyama na kwa gunia lililotoboka. "Mgeni" lilikuwa la yeyote atakayebisha hodi, awe padri au mwizi. "Samahani" hakulitia, Evarist alikuwa amelitumia mpaka limebaki uzi.

Wiki za kwanza Evarist alicheka, kisha akanuna, kisha akaleta wazee wa jumuiya. Yusta aliwaamkia vizuri, akawapa chai, akaongea nao kwa kirefu kuhusu mvua na bei ya mbolea. Walipogusa lile jambo, aliwauliza ni neno gani linalopungua katika kumwambia mwanamume akalete kuni. Wakanywa chai, wakaondoka. Efrazia alitaka apewe maneno hayo naye akamfunge nayo wa kwake. Yusta akakataa, akamwambia mume wake ni bubu tangu azaliwe, atampunguzia nini.

Evarist hakukaa kimya. Alianza kuyaunganisha. Asubuhi alitoka nje, akaangalia mawingu, akasema, "Mvua safi," kwa sauti ya mtu anayesalimia. Baada ya kula alisema, "Chakula ndiyo ndiyo." Siku moja alisimama mbele ya Yusta, akajigusa kifua, akasema, "Mgonjwa." Akamnyooshea mkono yeye, akasema, "Maji." Yusta nusura acheke. Halafu akapandwa na hasira, kwani alikuwa amempunguzia mtu yule maneno mpaka yakawa kama ya mtoto, na bado alipata ya kutongozea.

Akaliondoa neno "mgonjwa". Muda si mrefu kondoo jike akavimba tumbo Yusta akiwa gulioni. Aliporudi alimkuta Evarist amesimama kando ya zizi, mikono nyuma.

"Kondoo," Evarist akasema. "Hapana."

Alikuwa amekwisha kufa. Evarist hakumwita mtu wala hakupiga simu, maana, kama uso wake ulivyoeleza wazi, hakuachiwa neno la kusemea. Yusta alimchuna kondoo mwenyewe. Alijua sehemu ya kosa ni yake, na kwa hilo alizidi kumdharau. Neno akalirudisha.

Mwaka jana wakaja watu wa Nangwa kumposa binti wa Yusta na Evarist, Brightness, mwalimu wa shule ya msingi. Brightness aliionea aibu sana lugha ile, na alikuwa amemwomba mama yake wageni wasiisikie. Yusta akakubali. Siku hiyo Evarist aseme atakavyo.

Evarist akasimama na koti lake. Akawaambia wageni kwamba nyumba hii si nyumba ya maneno mengi. Akawaambia yeye na mama Brightness walikaa chini, wakayapepeta maneno yote ya duniani kama ngano, wakatupa ya ugomvi, wakatupa ya majivuno, wakabakiza yale tu ambayo mtu na mkewe hawawezi kuishi bila hayo. Akayataja. Akaeleza mvua safi. Akaeleza mgonjwa na maji. Kuhusu uzuri wa kusema machache aliongea mpaka wali ukapoa. Wageni walifuta macho. Mchumba mwenyewe, Hilary, alimrekodi kwa simu. Brightness alilia, akamtazama mama yake kwa upendo ambao Yusta hakuwa ameuona kwa muda mrefu.

Yusta alikuwa mlangoni na birika la chai. Angeweza kusema habari ya ng'ombe pale pale, na Margwe akiitwa angetoa ushahidi. Akamwangalia mwanawe, akamimina chai.

Wageni walipoondoka alimwita mumewe pembeni.

"Baba Brightness, ongea unavyotaka. Ile lugha nimeifuta."

Evarist alishtuka kweli. "Usiifute, mama Brightness," akasema. "Watu wa Nangwa wameniomba nikawafundishe maharusi wao."

Yusta alimtazama kama anavyotazamwa kupe aliyeshiba. Akaenda kukusanya vikombe.

Siku hizi Evarist anaalikwa kuliko zamani. Rekodi ile imezunguka kwenye simu mpaka Babati, na vijana wanaandikiana "maji" wakitaka kusema wanapendana. Efrazia huja kumuuliza Yusta kama kuna maneno ambayo Evarist ameyasahau. Yusta humjibu kwamba yeye hayakumbuki.

Jumapili Evarist anarudi na nyama aliyofungiwa, anaketi juu ya gunia la vitunguu saumu, anaanza kusimulia nani alilia na nani alimpa mkono. Yusta anaipokea nyama, anaipeleka jikoni, anaibandika. Kisha anarudi kumwambia atoke juu ya gunia, ataviponda.