Chakula cha Mzazi

Kila asubuhi, kabla hajamsalimu mtu, Rambhaben hujaza maji hori la jiwe lililo kando ya mlango wake, kisha husimama pale mpaka mbwa wa kwanza anywe. Mbwa hawa si wake. Ni wa kichochoro chetu, huku Ahmedabad ya zamani. Yeye ni mjane anayeishi kwa kuuza papadi, vile vimkate vyembamba vya dengu anavyoanika juani.

Aliyempenda kuliko wote alikuwa Kabri, jike la mabaka. Kabri alizaa kila mwaka, na kila alipozaa, watoto wa kichochoro walipita mlango kwa mlango wakikusanya unga, samli na sukari guru, naye Rambhaben akapika shiro, chakula kizito cha kumtia nguvu mwanamke aliyetoka kujifungua. Kwetu mbwa jike naye ni mzazi. Lakini vitoto vilikufa kimoja kimoja chini ya magurudumu ya riksho. Mara ya mwisho Kabri alishinda na kimoja mdomoni, kimeshakufa, akikitafutia pa kukilaza.

Ndiyo maana daktari wa mifugo alipokuja kutushauri afungwe kizazi, tulikubali. Rambhaben alikuwa wa mwisho.

"Hatazaa tena kabisa?"

"Hatazaa, mama. Wala hatazunguka na maiti mdomoni."

Daktari alimchukua Kabri asubuhi moja, akamrudisha alasiri, ncha ya sikio imekatwa kuwa alama ya kufungwa kizazi, tumbo limenyolewa na kushonwa.

"Leo atayumba, atatetemeka, pengine atalia bila sababu," daktari alisema. "Ni dawa ya usingizi inamtoka. Alale ndani, pakavu. Asirambe mshono, asioge, asirukeruke mpaka kidonda kikauke. Leo maji kidogo tu. Kesho akiamka vizuri, wali mtupu, kiasi cha kiganja. Akitapika, au mshono ukivimba, mniite."

"Wali mtupu," alisema jirani yetu Kokilaben. "Hicho ndicho ninachompa mume wangu akininunia."

Tulicheka, hata Rambhaben.

Jioni niliporudi kutoka maktaba nilikuta harufu ya samli imejaa kichochoroni. Kokilaben alikuwa amesimama mlangoni kwa Rambhaben, mikono kiunoni.

"Dada, shiro ni ya mzazi. Huyu kazaa nini?"

"Tumbo lake limefunguliwa, halikufunguliwa?"

"Limefunguliwa."

"Basi niache."

Kabri alikuwa bado amelewa dawa, shingo haimtii. Rambhaben alimlisha kwa vidole, tonge dogo dogo, akimsemesha, mpaka bakuli likabaki tupu. Haikupita muda akaanza kutapika, naye hana nguvu hata ya kuinua kichwa. Matapishi yalimwingia mapafuni. Nilikimbia kumwita daktari. Alikuja, akamgeuza, akamsafisha koo, akamchoma sindano. Mshono ulikuwa mzima, safi kabisa. Pumzi ndiyo iliyokuwa ikikoroma.

Kesho yake adhuhuri Kabri alikufa, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Rambhaben.

"Nilisema maji tu, mama," daktari alisema kwa sauti ya chini.

"Ulisema."

Wanaume walikwenda kumzika karibu na mto. Kokilaben alisema, watu wakisikia, "Kamuua kwa samli," kisha akajifunika uso kwa upande wa sari na kulia.

Mimi niliingia nikakaa sakafuni. Rambhaben alikuwa anasugua sufuria kwa majivu. Nilitaka kumliwaza. Badala yake nikauliza.

"Mama mdogo, ulimsikia daktari. Kwa nini ulimpikia?"

Hakuacha kusugua.

"Mimi nilitolewa kizazi kabla sijazaa," alisema. "Niliporudi nyumbani, hakuna aliyenipikia."