Jiwe la Kulainisha Maharage

Mimi niliogopa kile kitambaa, nianze hapo hapo. Nikianza na safari ya kutoka kwetu Kivu ya Kusini, kesho tutakuwa bado tuko mlimani.

Ni kile kitambaa cheusi wanachokufunga juu ya kiwiko, wanakijaza upepo, kinakukaba, halafu wanasoma namba. Ugonjwa wenyewe sisi Wakongomani tunauita tansyo, hapa Uganda wanauita presha. Shule niliacha darasa la pili, ng'ombe wa baba walitaka mtu wa kuwachunga, kwa hiyo mambo yote ya mishipa niliyajua kwa ng'ombe. Na ng'ombe ukimfunga kamba shingoni, ukaikaza mpaka mshipa ukavimba, ujue unataka kumtoa damu. Sasa mtu akinikaza mkono namna ile, mimi nifikirie nini?

Siku hiyo nilikwenda kituo cha afya hapa kambini Nakivale kwa sababu ya magoti. Magoti yangu yaliharibika mwaka wa tisini na sita, tulipokimbia vita. Niliteremka milima na mtoto mabegani, nikapanda mingine naye. Watoto wengine wawili tuliwazika njiani. Huyo wa mabegani ndiye aliyebaki, na ndiye aliyenisindikiza kituoni, mwanaume mzima wakati huo, miaka ishirini na miwili. Kazi yake ilikuwa kupakia magunia ya mahindi kwenye malori. Gunia analipandisha begani huku anaongea na wenzake habari za mpira.

Nesi akaniambia, "Mzee, leta mkono." Nikauficha nyuma. Watu wa kwenye benchi wakacheka.

"Papa, angalia kwangu kwanza," mwanangu akasema, anakunja shati. "Haiume. Umepita fasi ya risasi, utashindwa na kitambaa?"

Akafungwa yeye. Nesi akasoma namba. Akamwambia akae kimya, asicheke, akapima tena. Akahamia mkono wa pili. Mimi nikafikiri ile mashine imeshindwa na ukubwa wa mkono wake.

"Unaumwa kichwa?" nesi akamuuliza.

"Kichwa kinauma kila mutu hapa, sista. Ni hii jua."

"Si jua," akasema.

Mimi nilipimwa mwisho, na yangu ilikuwa nzuri. Mzee wa magoti mabovu yuko sawa, mbeba magunia ndiye mgonjwa. Nilitoka pale nikiona haya, kama mtu aliyekula sehemu ya mwanawe.

Watu hawakuamini. Jirani yetu mmoja, mama wa kwaya, alisema tansyo ni ya wazee na ya watu wa mawazo mingi, kijana ana mawazo gani? Mwingine akasema ni mchumba anamchelewesha. Mwanangu mwenyewe alicheka, lakini dawa alikubali. Kila asubuhi baada ya maombi alimeza kidonge mbele ya mama yake, na mama yake alimwangalia koo mpaka kipite.

Tuliambiwa pia tuache chumvi. Mke wangu akichukua neno amelichukua. Kopo la chumvi alilipeleka kwa yule mama wa kwaya siku ile ile, akamwambia, "Hata nikija kuomba, usinipe." Samaki wa chumvi, tuliokuwa tunapenda kuliko nyama, wakahama nyumba yetu. Tulikula ugali na sombe, yale majani ya muhogo, bila kitu, tukasema asante Mungu na kumeza. Mgeni akija, mke wangu anamwambia mapema, "Hapa kwetu chumvi ilikufa, utuvumilie."

Na bado namba haikushuka. Kila tukirudi kituoni, iko juu pale pale. Wakaongeza dawa. Ikakataa. Basi wakatutuma Mbarara, kwenye hospitali kubwa.

Tulikwenda watatu, na chakula chetu, maana kwetu mgonjwa hasafiri bila sufuria. Pale mjini kuna sanamu ya ng'ombe mwenye pembe ndefu, nilisimama kumwangalia mpaka mke wangu akanivuta koti. Nilikuwa natafuta kasoro. Sikuiona. Aliyemtengeneza alichunga.

Daktari alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini. Alisema figo za kijana bado zinafanya kazi, lakini presha ya namna hii kwa mtu wa umri huu ikiachwa inazila pole pole, au inapasua mshipa kichwani, na mtu anaanguka siku yoyote. Akamtazama mwanangu usoni.

"Niambie ukweli. Dawa unakunywa?"

"Nakunywa, dokta."

"Kila siku?"

"Mama ni shahidi."

"Wanakunywa wote hivyo, wakiwa mbele yangu," daktari akasema. Akasema twende tukale, tupumzike, turudi apime tena. Ikiwa vile vile, kijana atabaki wodini.

Mke wangu alitoka nje na sufuria yake. Tukakaa kwenye majani kando ya ukuta. Mwanangu hakuongea habari za mpira. Mimi nilikuwa nahesabu makaburi, nisiwafiche, nilikuwa naona mawili yale na la tatu.

Mke wangu akafungua sufuria: maharage. Sasa kwetu huwezi kula mtu akapita ukanyamaza, hata kama unakula msiba wako. Akapita nesi wa pale ndani, yule aliyempima mwanangu asubuhi, binti wa Biharwe, kwa wafugaji. Mke wangu akasema, "Karibu tule, mama." Watu wengine wangesema asante na kupita. Yeye aliinama, akachukua kijiko kimoja kwa heshima.

Akatafuna. Akaacha kutafuna.

"Mama, nyinyi mulisema chumvi mumeacha."

"Tuliacha kabisa."

"Na hii?"

"Hayo ni maharage."

"Mimi nasikia chumvi."

Mke wangu akataka kukasirika. "Muulize huyu mzee. Kopo liko kwa jirani. Hapa niliweka maji, maharage, na kale kajiwe ka kulainisha, basi."

"Kajiwe gani?"

Akaonyesha ukubwa wake kwa kidole, kipande cha kijivu. Ni magadi. Yanakuja sokoni kwetu kwa magunia, wafugaji wananunua kwa ajili ya ng'ombe, na akina mama wanavunja kipande wanatupa ndani ya sufuria, maharage yaive haraka. Kuni Nakivale ziko mbali. Sufuria bila jiwe lile inakula kuni za siku mbili. Tangu tufike hapa tulipika hivyo, maharage asubuhi, maharage jioni.

Nesi alikaa chini kabisa kwenye majani. "Hiyo ni chumvi, mama. Kwetu tunalambisha ng'ombe."

Mimi ndiye nilicheka, na kicheko kilinitoka vibaya, na machozi ndani yake. Mimi. Ujana wangu wote kazi yangu ilikuwa kumwaga magadi penye jiwe bapa, ng'ombe wa baba wanakuja mbio, wanasukumana kwa pembe. Unafikiri walikuja mbio ili walainike? Nilijua yale ni chumvi kabla sijajua kuandika jina langu. Lakini yakiingia jikoni yalikuwa kitu kingine, ni ya maharage.

"Papa," mwanangu akasema, "munanilisha kama dume la mbegu."

Mama yake akampiga begani, halafu akaushika mkono wake akabaki nao.

Nesi alikwenda mwenyewe kumwambia daktari. Daktari alitoka nje, akamwomba mke wangu radhi kwa ule usemi wa asubuhi, kisha akasema yeye pia amelelewa na maharage ya namna hiyo. Wodi akasema ingoje kwanza, tulirudi nyumbani na dawa zile zile, bila jiwe. Presha haikushuka kwa siku moja. Ilishuka kama mzee anavyoteremka mlima, na sasa iko mahali ambapo nesi wa kituoni akisoma anatikisa kichwa kwa kukubali na kumwita mgonjwa mwingine.

Sasa ni mwaka wa elfu mbili na kumi na tano. Mwanangu ameoa, yule mchumba hakuwa na lawama yoyote. Magunia ameyapunguza, kidonge hajakiacha. Namshukuru yule binti wa Biharwe aliyekubali kijiko, na nayashukuru hata magoti yangu, maana yasingeuma, nani angetupeleka kituoni?

Siku hizi maharage tunayaloweka tangu jioni, na bado yanakawia. Niko hapa mlangoni, njaa imenishika. Mwanangu anasukuma kuni chini ya sufuria. Nimemuuliza kama yameiva.

"Bado, papa. Vumilia."

Haya, navumilia.