Bapupe Walikuwa wa Nani

Nianze na jambo ambalo Likasi nzima ilikuwa hailijui: vile vipindi vya bapupe, vikaragosi vilivyotuchekesha kila Jumamosi kwenye televisheni ya mjini, vilikuwa vya mama yangu. Yeye ndiye aliyetunga hadithi zote, yeye ndiye aliyeshona bapupe wote kwa soksi na nguo kuukuu. Baba alifanya sauti. Sauti alikuwa nayo, simnyimi haki yake. Lakini mwisho wa kila kipindi lilitokea jina moja tu, la baba, kwa sababu ndiye aliyepeleka kaseti ya kwanza, na mtu wa mapokezi hakuuliza zaidi.

Sasa baba ni marehemu. Televisheni ile ilishafungwa, na mwenye kituo, kabla ya kuhama, aliturudishia kaseti zote pamoja na barua: vipindi ni mali ya aliyevitunga. Barua nzuri sana, ila haikumtaja aliyevitunga.

Mwaka jana akaja nyumbani mwenye duka la video. Sokoni watu walikuwa wanauza vipindi vyetu kwenye flashi bila kumwuliza mtu, picha zimefifia, sauti inakatika katikati ya utani. Yeye alitaka kuvitoa upya, visafi, kwenye DVD na flashi, na jalada lenye jina la mtunzi. Alihitaji sahihi ya mwenye haki, basi.

Mama akanivuta jikoni, mikono bado imejaa unga wa bukari, ugali wetu.

“Minye mama yako nataka jina yangu ikuwe pale juu,” akasema. “Niione mbele nikufe.”

Nikamwambia: si useme, mama? Akaniangalia kama nimeongea upuuzi.

“Mbele ya tantine yenu?”

Hapo ndipo penye mambo. Kwetu sisi watu wa asili ya Kasai, dada wa baba ni baba mwanamke. Vitu vya marehemu, yeye ndiye huvisemea, na mke wa kaka yake hambishii mbele ya mgeni, hata kama amekosea waziwazi. Na shangazi, tantine huyo, alikuwa ameshatangaza kwamba atakuja kutia sahihi. Nilikasirika, sifichi. Nilikasirika hadi nikaunguza sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Akafika Jumapili baada ya misa, amejipamba kama anakwenda harusini, akakalia kiti cha baba bila kukaribishwa.

“Kazi ni ya kaka yangu,” akasema. “Sahihi ni ya minye.”

Mama akaleta soda, akakaa kando. Mwenye duka akasema kwanza tuangalie kipindi kimoja, ahakikishe kaseti ni zenyewe. Akaunganisha deki ya kaseti na kompyuta yake mezani.

Bapupe wakaanza kupika kuku. Mara akaingia pupe wa mwanamke mnene mwenye mkoba, akafunua sufuria moja baada ya nyingine, anaonja, anakunja uso. “Firigisi iko wapi?” akauliza kwa sauti ya baba. “Firigisi ni ya minye!” Mwendo ule, mdomo ule: ni shangazi mtupu, tangu kichwa hadi kisigino.

Shangazi akainamia kompyuta. Nikangoja moto uwake. Kumbe yeye wala hakujitambua. Alitambua nguo ya yule pupe, kipande cha kitenge.

“Simamisha pale,” akamwambia mwenye duka. “Ile kikwembe ni ya minye. Ya maua ya manjano. Ilipotea pa kamba, na jirani yangu sikumusalimia tena mpaka akahama. Nani aliikata?”

Nikamkonyeza mama: mtupie baba lawama. Marehemu habishi, na kaka mtu husamehewa upesi. Mama aliniona vizuri kabisa. Akainuka, akapiga magoti mbele ya wifi yake kama inavyompasa mtu aliyekosa.

“Njo minye, yaya,” akasema, kama anavyoitwa dada mkubwa. “Niliikata na makasi ya minye. Nikamushona huyu, nikashona na bengine bote. Na maneno yenye banasema, njo minye niliandika.”

“Hata ile ya firigisi?”

“Hata ile.”

Shangazi akamtazama yule pupe, akamtazama mama. Halafu akaanza kucheka, kwanza tumbo peke yake, kisha mwili mzima, mpaka kilemba kikamwangukia begani. Mwenye duka hakujua acheke au aombe ruhusa aende zake.

“Nilikuwa nashangaa,” shangazi akasema akijifuta machozi. “Kaka yangu hakuniangaliaka vizuri namna ile. Ile ni macho ya bukwe, ya wifi. Simama, weye mwizi. Kazi ni yako, weka sahihi.”

Nilitaka kumbusu. Mama akaketi mezani, karatasi mbele yake. Tangu aolewe, barabara yetu yote imemwita mama wa mtoto wake wa kwanza, kanisani hivyo hivyo, hata nesi wa zahanati. Akaandika jina alilopewa na wazazi wake, herufi kwa herufi, bila haraka, kana kwamba analitafuta mahali lilipowekwa.

Shangazi akainama kulisoma. Walikuwa mawifi kwa miaka arobaini.

“Ah,” akasema taratibu. “Kumbe unaitwaka vile.”