Nafasi ya Bibi Kuitikia

Mimi hasira zangu ziko karibu, najijua. Mkuu wa shule aliponiuliza, "Madamu, hicho kikundi chako cha kelele kina faida gani?" niliuma meno nikatazama dirishani, maana ningefungua mdomo ningeharibu.

Kikundi chenyewe kilikuwa watoto tisa wa kidato cha pili, kompyuta moja ya shule na simu yangu ya kurekodia. Kila Jumamosi tulitafuta sauti: mashine ya kusaga kule Milanzi, upepo unaogonga bati, maharage yakipepetwa kwenye ungo. Tunaziingiza kwenye kompyuta, tunazikata, tunazirudiarudia mpaka unatoka muziki usio na gitaa wala mwimbaji. Mwanzoni walinicheka. "Madamu, huu wimbo au mashine imeharibika?" Baada ya mwezi walikuwa wanagombania simu.

Basi mkuu akatoa sharti. Siku ya wazazi tuonyeshe kitu cha maana, la sivyo kompyuta inarudi ofisini na kikundi kimekufa.

Kulikuwa na binti mmoja, mkimya mpaka unamsahau darasani. Alilelewa na bibi yake kijijini Mwazye. Kwa huyo bibi humsalimii kwa shikamoo ya kupita njia. Unachuchumaa, unapiga makofi ya polepole, kisha unanyamaza umsubiri. Naye anaitikia kwa makofi yake, ndipo unaendelea. Binti alirekodi makofi yake mwenyewe, akayaweka juu ya mvumo wa mashine ya kusaga, na kila baada ya makofi akaacha kimya kirefu.

"Bibi atakuja siku ya wazazi," aliniambia. "Hapo kwenye kimya ndipo ataitikia."

Nilimkumbatia. Jamani, hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta miezi yote ile!

Siku moja kabla ya sherehe tukajaribu vyombo. Kila kimya kilipofika, jamaa tuliyemkodi na spika zake alirukia waya. "Imekata?" Haijakata, kaka. "Sasa mbona haisemi?" Mara ya nne nikamfokea. Lakini akili ikaniambia: kama huyu haelewi, mkuu je?

Watoto walipoondoka nikakaa na ile kazi peke yangu. Nikatia biti chini yake, biti ya kuchezeka. Nikabonyeza mahali panaponyoosha kila sauti iangukie kwenye biti. Kile kimya chote kikaliwa. Nikahifadhi palepale, juu ya ile ya binti, yake ikafutika. Sikumuuliza. Nilijiambia namsaidia.

Bibi alifika na basi la asubuhi, kitenge kipya, akakaa mbele kabisa na mjukuu wake ubavuni. Biti ilipoanza, watu wakainuka. Kina mama vigelegele, vijana vumbi juu, mkuu mwenyewe anatikisa kichwa. Mimi nilikuwa namtazama bibi.

Aliyatambua makofi mara moja. Akatabasamu, akainua mikono aitikie, na makofi mengine yakawa yameshaingia. Akangoja. Akainua tena, yakampita tena. Mara ya tatu akaiweka mikono mapajani, akamgeukia binti. "Mjukuu wangu, mbona huningoji?"

Binti akanitazama mimi.

Mkuu akaja kunipa mkono. "Sasa huu ndio muziki, madamu! Kompyuta kaa nayo." Nilitamani kumrushia hiyo kompyuta yake, lakini kosa halikuwa lake.

Watu walipotawanyika binti akanifuata. "Madamu, ile yangu ya mwanzo ipo?"

"Haipo."

"Sawa, madamu," akasema kwa heshima zote, akaenda kumshika bibi yake mkono. Nyuma ya darasa, penye utulivu, nikamwona anachuchumaa mbele yake, anapiga makofi, ananyamaza. Bibi akaitikia. Simu ya kurekodia nilikuwa nayo mfukoni, na sikuthubutu kuitoa.