Pumzi ya Baba

Juzi, wodini katika hospitali ya Nkubu, nesi alimwinamia mgonjwa akasema, “Pumzi yake inanukia matunda. Sukari imepanda sana.” Nikamkumbuka baba.

Alasiri moja, nilipokuwa mtoto, alikuja kunichukua shuleni, amekonda, anayumbayumba. Alikunywa maji ya mfereji bila kupumzika, akakimbilia chooni, akarudi kunywa tena. Pumzi yake ilinuka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Wenzangu wakacheka, “Kendi, babako amelewa!” Nami nikaamini. Kwa aibu nilitangulia mbele kama mtu asiyemjua.

“Kendi, ningoje,” aliita nyuma yangu. “Sioni njia vizuri.”

Niliongeza mwendo. Majirani walimkuta ameanguka kando ya shamba la kahawa, wakamkimbiza hospitali. Alipona. Hakuwahi kuniuliza kwa nini sikumngoja.