Pete ya Duchesse

Ile miaka ya elfu mbili nilikuwa natunza mama mmoja mzee Mubelgiji, mjane, kule mtaa wa Ganshoren. Kila saa ya kahawa alinisomea kitabu cha Kiingereza ambacho mama yake alirudi nacho kutoka Uingereza, walikokimbilia vita ya kwanza ya dunia. Mimi nilikimbia Bukavu na mutoto mgongoni, wao walikimbia na masanduku. Bon, wakimbizi ni wakimbizi. Alisoma Kiingereza, akanigeuzia kwa Kifaransa.

Kitabu chenyewe kinaudhi. Duchesse, yaani bibi mkubwa wa ukoo wa kifalme, farasi, kofia, karamu. Kurasa nzima watu wanabishana nani akae karibu na nani mezani.

"Madame, hawa watu hawana kazi?"

"Kazi yao ndiyo hiyo," akasema. "Tulia."

Nilitulia kwa sababu ya binti mmoja tu, mutumishi. Pete ya duchesse ilipotea, wakamfukuza yeye, nje ya geti na sanduku lake. Aliyeiba ni mtoto wa kiume wa duchesse, akaiweka rehani alipie kamari. Nilikuwa nangoja siku watakayomwambia yule binti, mbele ya wote, kwamba si yeye. Mimi pia nimefukuzwa nyumba ya watu, karibu na kituo cha Schuman, kwa kijiko cha feza kilichoonekana kesho yake nyuma ya friji. Hakuna aliyenipigia simu.

Ilibaki sura ya mwisho. Madame akafia hospitali.

Mpwa wake akaja na funguo. Kwetu vitu vya marehemu havigawanywi kabla ya kuondoa matanga, na aliyemuuguza haombi, anaitwa. Nikakaa kimya, nangoja kuitwa. Nilipochoka nikaenda kubisha. Nyumba tupu, inanuka rangi mpya.

"Vile vitabu vya zamani? Vilienda kwenye taka," akasema mpwa. "Mbona hukusema siku ileile?"

"Siku ileile alikuwa hajazikwa, Monsieur."

Akanitazama kama mtu anayengoja lifti.

Nikaenda mtaa wa Porte de Namur kwa muuza vitabu vya mitumba, kutafuta kingine kama kile. Akauliza jina la kitabu. Jalada lilishaanguka zamani, sikulijua. Nikamweleza pete, kofia, karamu.

"Vya namna hiyo viliandikwa vingi, Maman. Hakuna anayevisoma tena."

Donc yule binti bado amesimama nje ya geti na sanduku lake. Mwizi ni mtoto wa duchesse. Na aliyemwacha binti pale nje ni mpwa wa Madame, ambaye hadi leo hunipita na gari pale kituo cha basi, dirisha limefungwa.