Siku Maikrofoni Ilipomponyoka Jotham

Kwa miezi minane mume wangu aliishi na Warumi, na mimi nikaishi nao kwa lazima. Nikikaanga samaki, ananieleza walivyojenga kuta zao. Nikirudi kutoka zamu, miguu inawaka moto, ananingoja mlangoni aniulize kama najua ni kwa nini waliziacha nyumba zao nzuri wakaondoka Uingereza. Sijui, Baba Tatiana, na sitaki kujua, niwekee chai. Ananiwekea chai, kisha ananieleza.

Huyo ndiye Jotham Amugune. Kule Vihiga alikuwa mwalimu wa historia katika shule ya sekondari, mwalimu wa kuvaa tai hata siku ya michezo. Huku London, kwa miaka kumi na tisa, anasafisha uwanja wa Wembley baada ya mechi, safu kwa safu, akiokota vikombe na makaratasi ya chipsi chini ya viti. Ni kazi halali, na imemsomesha binti yetu Tatiana mpaka chuo kikuu. Mimi mwenyewe ni mtunzaji wa wazee. Nawaosha, nawavisha, nawalisha, na nikiulizwa kazi yangu nasema bila kigugumizi. Jotham hawezi.

Na mnajua Wakenya tulivyo. Hatuna mkutano, iwe ni harusi, matanga au kikao cha kanisa, ambapo kila mtu hasimami akataja jina, kwao, anakoishi na kazi anayofanya. Maikrofoni ikibakisha viti viwili imfikie, mume wangu hukumbuka choo. Kwa miaka yote hiyo amekwenda choo sana. Nami hujifanya sijaona, nachukua maikrofoni, nawasalimia watu kwa niaba ya sisi wawili, naipitisha mbele.

Sasa, kuna mama mmoja pale Wembley anaitwa Alka, mwenye kampuni ndogo ya mabasi. Ana mabasi manne, ya kupeleka watu harusini na hekaluni. Alizaliwa Kitale, akaletwa huku akiwa na miaka tisa. Alitaka kuanzisha safari za Jumamosi za nusu siku kwa wazee waliotoka Afrika Mashariki, Waafrika na Wahindi pamoja, waende kuona magofu ya Warumi kule St Albans na waelezwe kwa Kiswahili. Akabandika tangazo kwenye duka tunaponunua unga. Jotham akalisoma mara tatu, unga ukanisubiri kwenye kikapu, kisha akapiga simu papo hapo.

Alka akampa safari moja ya kumjaribu, na miezi minane ya kujiandaa. Akifaulu, Jumamosi zote ni zake na uwanja anauaga. Akishindwa, kuna mwingine anayesubiri.

Asubuhi ya siku yenyewe alivaa ile tai. Tatiana alimtazama juu hadi chini akamwambia, "Dad, you look like a headmaster."

"Asante," Jotham akajibu, akaondoka akiwa amefurahi kweli. Mtoto alikuwa akimtania kwa kumfananisha na mwalimu mkuu, lakini sikuwa na moyo wa kumwambia.

Tuliondoka Tottenham, tunakoishi, saa tatu, tukawachukua wenzetu wa Wembley, na basi likajaa, watu arobaini na wawili. Alka aliketi nyuma kabisa, mbele ya mlango wa choo cha basi, akiwa na karatasi mapajani. Mimi niliketi upande wa pili wa njia kwa makusudi, ili niisome. Ilikuwa na visanduku: sauti, muda, maelezo njiani, maelezo kwenye magofu, wasafiri wanasikiliza au hawasikilizi. Alikuwa amemwambia Jotham waziwazi kwamba anataka maelezo mfululizo tangu Wembley hadi St Albans. Jotham alikuwa na kadi kumi na moja, zimeandikwa kwa wino mweusi na kupigiwa mstari kwa wino mwekundu.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo Mwingereza hangelifanya kamwe. Alisimama mbele, akatusalimia vizuri, kisha kwa adabu zake akasema, "Kabla sijaanza, ningemwomba Mama Mumbi atuombee safari."

Mama Mumbi ni mzee wa kanisa letu. Ana miaka sabini na sita na mapafu ya msichana. Aliomba mpaka tukaingia barabara kuu ya M1. Alimwombea dereva, akaombea magurudumu, akawaombea "hao Warumi tunaoenda kuwatembelea, Bwana, popote walipo." Tukasema amina. Jotham akanyoosha mkono apokee maikrofoni.

"Ngoja kidogo, mwalimu," Mama Mumbi akasema. "Hatuwezi kwenda safari na watu hatujuani. Mimi naitwa Mumbi wa Kariuki, kwetu ni Murang'a, nakaa Tottenham, nimepikia watoto wa shule miaka thelathini na sasa nimestaafu. Bwana asifiwe. Haya, na wewe salimia watu." Akampa maikrofoni aliyeketi kando yake.

Nilifumba macho. Maikrofoni ya namna hiyo ikishaanza kutembea, haisimamishwi na mtu. Huwezi kumpokonya mzee anayesalimia watu, labda uwe hukulelewa. Nikajipa moyo kwamba ikifika kwa Wahindi wetu itakufa. Wapi! Wale ni Wakenya kutushinda sisi. Mzee Surinder, mwenye kilemba cha buluu, aliishika kwa mikono miwili.

"Hamjambo, wananchi! Mimi ni Surinder, mtoto wa Nakuru. Miaka arobaini natengeneza sakafu. Terazo, vigae, marumaru, yote. Nusu ya sakafu za Nakuru ni mkono huu."

Akatupitisha sakafu moja baada ya nyingine, akamtaja marehemu mkewe, akataja watoto na wajukuu, akamalizia na goti lililofanyiwa upasuaji mwezi wa tatu. Baada yake akaja Griffins wa Homa Bay. Huyo angekuwa mfupi, kwa sababu alisema tu kwamba yeye ni fundi wa boila za kupasha joto nyumba za kaunsil, lakini watu wanane wakataka namba yake ya simu, na akaitaja pole pole, mara mbili, kwenye maikrofoni.

Jotham alikuwa bado amesimama kule mbele, kadi mkononi. Mara mbili nilimwona akiinua kidole kuomba nafasi, na mara mbili akakishusha. Nilichemka. Nilimkasirikia Mama Mumbi, nikamkasirikia Griffins na namba yake, lakini zaidi nilimkasirikia mume wangu. Miezi minane ya Warumi jikoni mwangu, halafu unaigawa kwa dakika moja ya adabu!

Jambo moja nililiona bila kulielewa. Hakuwa akitazama dirishani. Kila mtu alipomaliza kusema, Jotham aliitikia kwa kichwa, akageuza kadi na kuandika kitu nyuma yake. Ndivyo alivyokuwa akifanya siku ya kwanza ya muhula kule Vihiga, alipowaandika wanafunzi wapya.

Tulipoegesha St Albans, maikrofoni ilikuwa mikononi mwa mtu wa arobaini. Alka alishusha kalamu kwenye kisanduku cha maelezo njiani na kuandika sifuri, kubwa, ya duara kamili. Kisha akamwendea Jotham pale mlangoni.

"Hapa dakika arobaini," akamwambia. "Basi liko na harusi mchana. Forty minutes, Jotham, please."

Katikati ya bustani kuna nyumba ndogo iliyojengwa kuifunika sakafu ya zamani. Tuliingia, tukajipanga kandokando ya kizuizi, tukaiangalia kule chini: vijiwe vidogo vidogo vimepangwa kwa maelfu, maua na miduara, na pembeni pameachwa wazi uone uvungu uliokuwa chini ya sakafu. Jotham akakohoa, akaanza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, nyembamba, ya redioni. "Katika karne ya pili baada ya Kristo, mji huu, ulioitwa Verulamium..."

Watu wakaanza kutafuta pa kukaa. Mtu akafungua kopo la mandazi, na ule mfuniko ukalia. Alka akainamia karatasi yake.

Jotham akasikia ule mfuniko, akaiacha sentensi yake katikati. Kisha akageuza kadi zake zote upande wa nyuma.

"Mzee Surinder wa Nakuru," akaita, na sasa ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile ya darasani. "Umesema sakafu miaka arobaini. Njoo hapa mbele. Hii ina miaka kama elfu moja na mia nane. Tuambie fundi wake aliifanyaje."

Mzee alisukuma watu akapita, goti na yote. Aliinama juu ya kizuizi, akavua miwani, akaivaa tena. "Kazi safi," akasema hatimaye. "Safi sana. Huyu alipima kwanza na kamba. Lakini oneni pale, ule mstari. Pale mkono umebadilika. Ama alichoka, ama aliachia mwenzake akaenda kula."

Tukacheka, na sote tukainama kuutafuta ule mstari. Yule wa mandazi alifunga kopo.

"Griffins wa Homa Bay, fundi wa boila! Huo uvungu chini ni wa nini?"

Griffins akachuchumaa. "Aisee! Wazee, hii ni underfloor heating! Moto unawashwa huko nje, hewa moto inapita hapa chini, halafu inapanda ndani ya ukuta. Wallahi hawa watu walikuwa mbele."

"Na bili?" Mama Mumbi akauliza.

Kicheko kilijaa ile nyumba. Jotham alingoja kiishe.

"Mama ameuliza swali la maana kuliko yote," akasema. "Bili ililipwa na nani? Moto haujiwashi. Ulichochewa na watumwa. Waliamka giza halijatoka, wakabeba kuni, wakachochea, ili mwenye nyumba akiteremsha mguu kitandani akute sakafu ina joto. Sasa niambieni, nani hapa ameamka saa kumi alfajiri, miaka mingi, akapanda basi la kwanza kwenda kumtayarishia mtu mwingine siku yake?"

Mkono wangu uliinuka kabla sijauambia. Mama Mumbi aliinua yote miwili. Mikono iliinuka pande zote, ya Tottenham na ya Wembley, na wa Jotham ukiwemo.

"Basi hao mnawajua," akasema. "Habari zao hazikuandikwa, lakini mnawajua."

Mimi si mtu wa kulia mbele ya sakafu, lakini nilitafuta leso mkobani.

Baada ya hapo hakuna aliyekumbuka dakika arobaini. Kwenye magofu ya ukumbi wa michezo alimsimamisha Mama Mumbi palipokuwa jukwaa, akatupandisha sisi kwenye tuta la majani, akamwambia atusalimie. Tulimsikia wote, na nadhani hata waliokuwa barabarani walimsikia. Maswali yakawa mengi mpaka dereva akaja kutuita, kisha akapiga honi, kisha Alka mwenyewe akaja akigonga saa yake kwa ukucha. Tulirudi kwenye basi tukiwa tumechelewa nusu saa nzima, na nikamwona akiandika kitu kwenye kisanduku cha muda. Sikukiona vizuri, lakini hakikuwa cha kusifu.

Tukaanza kurudi. Jotham aliketi kando ya dereva, tai imelegea. Nilitamani kwenda kumshika bega, lakini Alka alikuwa bado anaandika, na sikutaka aonekane mtu wa kubembelezwa na mke.

Ndipo Mama Mumbi akasimama. "Mwalimu! Sisi wote tumesalimia. Wewe bado."

"Kweli!" Mzee Surinder akadakia. "Jina tunajua, mengine hatujui!"

Dereva akampa maikrofoni. Jotham akasimama, akatazama moja kwa moja mlango wa choo kule nyuma. Nilijua anachotazama. Alka alikuwa ameketi mbele ya mlango huo, mkoba njiani, na kumpita ilikuwa lazima aombe radhi. Mimi nikaanza kunyanyuka ili niwasalimie watu kwa niaba yake, kama kawaida. Akanitazama, akatikisa kichwa: kaa.

"Naitwa Jotham Amugune," akasema. "Kwetu ni Vihiga. Nakaa Tottenham na mke wangu, Priscilla, yule pale. Kule nyumbani nilifundisha historia. Hapa..." Akaikaza tai yake. "Hapa nasafisha uwanja wa Wembley. Viti, ngazi, vyoo. Miaka kumi na tisa. Na leo nimefundisha tena, na nimefurahi sana. Asanteni."

Walimpigia makofi mpaka dereva akageuka kuangalia kuna nini. Mimi sikupiga. Mikono yangu ilikuwa usoni.

Alka akaja mbele akijishikilia viti, akaichukua maikrofoni. "Mimi Alka," akasema. "Zaliwa Kitale. Baba alikuwa na duka ya nguo. Kiswahili yangu imelala miaka hamsini, mnisamehe." Wakamshangilia, akaona haya, akacheka. "Kazi yangu ni hii basi. Na mwalimu, time yako ni mbaya sana. Sana! Lakini mimi nafanya tours miaka ishirini, sijaona watu wanakataa kurudi kwa basi. Jumamosi ijayo, saa tatu. Kadi acha nyumbani. Watu wasalimie kwanza, kama leo. Lakini prayer, fupi."

"Fupi kiasi gani?" Mama Mumbi akauliza.

Alka alirudi kitini pake, na Jotham akaja nyuma katikati ya vicheko, watu wakimshika mkono kila safu, akaniinamia sikioni. Nilidhani anataka kuniambia jambo la maana.

"Mama Tatiana," akaninong'oneza, "mwombe Alka atoe mkoba wake pale njiani. Nimejizuia tangu Wembley."